Namna ya kutambua sarafu iliyokosewa kiwandani (niliyoyaona kwenye ndoo ya chenji, Mbeya)

#1 Mtunza Ndoo

Wakuu, heshima kwenu.

Nianze na kazi yangu ili msije mkanicheka katikati ya uzi. Nakaa mlangoni kwenye choo cha kulipia jirani na stendi, hapa Mbeya mjini. Mia tatu kichwa. Mtu anakuja na haraka zake, anaacha mia mbili na mia, au anatupa jero nimrudishie mia mbili, anapita. Tangu noti ya mia tano iondolewe mwanzoni mwa 2025, jero ninazopokea zote ni za chuma. Jioni nakuwa na ndoo ya rangi, ile ya lita nne, na bosi anataka akute sarafu zimepangwa kumi kumi. Huu ni mwaka wa pili. Ukishapanga hivyo kila siku ya Mungu, vidole vinaanza kukataa zile zisizo sawa kabla akili haijajua kwa nini.

Ya kwanza kunishtua ilikuwa mia mbili. Nina tabia ya kupanga zote Karume akiwa juu, kichwa kimesimama, halafu nageuza moja moja nione simba. Sarafu zetu unazigeuza kama ukurasa wa kitabu: kichwa kikiwa wima upande huu, mnyama naye anasimama wima upande ule. Sasa hii moja, Karume kasimama vizuri, simba wamelala ubavu. Nikarudia. Wamelala. Nikampa mama ntilie wa jirani ageuze mwenyewe, akasema, "Wamechoka, si wanashinda juani?" Akarudi kwenye sufuria yake. Mimi usiku sikulala.

Nikaanza kusoma na kuuliza. Nilichogundua ni kwamba huwezi kulijua kosa kama hujui kitu chenyewe kinatengenezwaje. Kwa hiyo vumilieni kidogo.

Kuna bati refu. Linapita kwenye mashine inayokata visahani vya duara, vile vile mama anavyokata maandazi kwa glasi. Kisahani kinapashwa moto kilainike, kinafinywa ukingo uinuke kidogo. Kama ni sarafu ya kupakwa, mfano mia na hamsini zetu ambazo ndani ni chuma na nje ni koti la shaba ya manjano, kinapakwa hapo hapo kikiwa bado kitupu, hakina picha. Mwisho kinaingia kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja juu na mmoja chini, pembeni kimezungukwa na pete ili kisitanuke. Paa! Pigo moja, pande zote mbili zimetoka. Kazi hiyo haifanyiki nchini, Benki Kuu inaagiza kwa wagongaji wa nje.

Basi kila kosa la kweli lina hatua yake. Glasi ya mama ikishuka pale alipokwishakata andazi jingine, andazi jipya linatoka limemegwa, na sarafu nayo hivyo hivyo: inatoka na pengo la upinde ukingoni. Muhuri ukipasuka, chuma kinaingia kwenye ufa, sarafu inatoka na mstari ulioinuka kama mshipa wa mkono. Muhuri ukijaa grisi na vumbi, herufi hazitoki au zinatoka kama kivuli. Kisahani kikikaa pembeni, picha inagonga nusu na nusu inabaki tupu kama mwezi. Pete isiposhika, sarafu inatanuka kama chapati. Na muhuri mmoja ukifungwa umepinda, unapata simba wangu waliolala.

Kipimo nilichokishika mimi ni cha kidole. Pitisha ukucha. Kitu kilichoinuka juu ya uso wa sarafu kwa kawaida kimetoka kwenye muhuri, maana mtaani hakuna anayeongeza chuma. Kitu kilichochimbika, tisa kati ya kumi ni mtaani: msumari, lami, tairi la bajaji, meno ya mtoto.

Najua hili kwa sababu nililipa ada. Mwezi wa tatu wa wazimu huu, jamaa mmoja alinijia na mia nyeupe kabisa, haina manjano hata tone. Akaniambia imesahauliwa kupakwa kiwandani. Nikampa elfu ishirini yangu ya kodi. Nyumbani nikaiangalia kwa kioo cha kukuzia: uso una vinyweleo kama ganda la chungwa, swala hawana macho, ukingo umelika. Ilikuwa imelala kwenye maji ya betri. Iliyokosa koti kiwandani ingekuwa laini na kali, kila unywele wa Nyerere unaonekana, kwa sababu muhuri ulipiga kama kawaida, koti tu ndilo halikuwepo. Mke wangu mpaka leo akinikuta nimeinama kwenye sarafu anauliza, "Hiyo nayo ya betri?"

Nilizonazo sasa kwenye boksi la kiberiti: hiyo mia mbili ya simba; jero yenye mshipa umeanzia ukingoni mpaka kwenye pembe ya nyati; hamsini iliyomegwa (hii naamini mtu kapiga tupa, naiweka tu); na fahari yangu, mia ambayo tarakimu zimejiandika mara mbili. Hii ya mwisho naamini ni kubwa.

Karibuni. Mwenye ujuzi zaidi aniongeze.

#2 Konda wa Uyole

Mwaisa hahaha, nimekufahamu! Wewe ndiye ulinirudishia mia yangu juzi ukasema "subiri kwanza niiangalie" wakati mimi nina hali mbaya.

Ila kusema kweli umenifungua macho. Sisi makonda sarafu tunazisikia tu mkononi, tch tch tch, hatuziangalii. Kuanzia leo naangalia. Abiria watanisubiri.

#3 Binti Kalenga

Kamwene. Niko Iringa, nauza mboga pale Miyomboni. Nina hamsini ina vipele vipele usoni kwa kifaru, kama imeungua. Vimeinuka. Kwa kipimo chako cha ukucha basi ni kosa la kiwandani?

#4 Mtunza Ndoo

Kamwene dada. Ni la kiwandani ndiyo, lakini usiache mboga. Hayo ni malengelenge. Koti la shaba halikushika vizuri chuma cha ndani, hewa ikabaki katikati, ikavimba. Bonyeza taratibu kwa kijiti cha meno, utaona kipele kinabonyea kama cha ngozi. Kwenye sarafu za kupakwa hayo ni mengi sana, watu wanaokusanya hawayatolei macho. Ningekuwa mimi ningeitunza moja ya mfano, nyingine nanunulia chumvi.

Halafu kuna jambo linafanana na hilo. Ukikuta mia manjano imetoka shavuni kwa Nyerere na mgongoni kwa swala tu, hiyo imechakaa. Sehemu zilizoinuka ndizo zinazosuguana mifukoni, kwa hiyo ndizo zinazobanduka kwanza. Kosa haliwezi kuchagua mashavu.

#5 Jicho Kavu

Uzi mzuri ila tuongee lugha inayoeleweka. Hiyo simba iliyolala unaiuza bei gani? Maana huko mitandaoni naona watu wanatangaza sarafu ya Nyerere milioni mbili.

#6 Mtunza Ndoo

Kutangaza si kuuza mkuu. Hata mimi naweza kuitangaza ndoo yangu milioni mbili.

Nilichouza mpaka leo ni kimoja: mia iliyogongwa pembeni kidogo, nikapata elfu thelathini kutoka kwa mkusanyaji aliyepita kwenda Malawi. Ukitoa elfu ishirini ya betri, faida ni elfu kumi kwa miaka miwili. Bei ya hivi vitu inatokana na wanaovitafuta, na wanaotafuta makosa ya sarafu za Tanzania ni wachache. Wenzetu wana soko. Uingereza mwaka 2008 walibadilisha picha za sarafu. Kwenye peni 20 ya zamani mwaka ulikuwa upande wa nyuma, kwenye mpya ukahamishiwa upande wa Malkia. Kiwandani wakafunga muhuri wa zamani wa Malkia pamoja na muhuri mpya wa nyuma. Zikatoka sarafu hazina mwaka popote! Zilizagaa kwenye chenji za watu, na mpaka leo zinanunuliwa kwa mara nyingi ya thamani yake. Lakini angalia: hata zile ni maelfu na zina wanunuzi. Yangu ni moja na mnunuzi simjui.

#7 Fundi Dai

Habari wakuu. Mimi ni fundi wa mashine, karakana yangu ni ya kuchonga vipuri hapa hapa Mbeya. Hicho anachokiita muhuri sisi tunakiita dai, wanaotumia tepu na dai wananielewa. Nimekaa kimya nimsome, na amejitahidi. Ila kuna mawili.

La kwanza, hiyo hamsini ya kumegwa usiitupe, nitarudi kwake.

La pili, fahari yako. Ndugu yangu, naomba uiangalie tena hiyo mia ya tarakimu mbili. Kuna kujirudia kwa aina mbili na watu wanazichanganya kila siku. Aina ya kwanza: muhuri wenyewe ulipotengenezwa ulipokea picha mara mbili, ya pili ikakaa imeteleza kidogo. Hapo kila sarafu inayotoka kwenye muhuri huo inakuwa na kosa lile lile. Wamarekani wana senti yao ya 1955 ya Lincoln, iliyogongwa Philadelphia. Ukiishika mkononi bila kioo unaona 1955 mbili na maandishi yamejirudia. Zilizotoka zinakadiriwa elfu 20 na zaidi kidogo, na bei yake ni ya kununua pikipiki.

Aina ya pili: muhuri uko sawa kabisa, ila umelegea kwenye mashine. Unashuka, unagonga vizuri, halafu wakati wa kuinuka unacheza na kuikwaruza herufi iliyokwishatoka. Mimi hii naijua kwa mikono yangu, presi ikilegea boliti moja tu kila kipande kinatoka na aibu hiyo. Aina hii haina thamani.

Utazitofautishaje? Weka taa ubavuni, siyo juu. Kwenye aina ya kwanza herufi zote mbili ni za mviringo, zimeinuka sawa, na herufi kwa ujumla imekuwa nene. Kwenye pembe zake utaona kama imepasuka ncha mbili. Kwenye aina ya pili utaona ngazi: bapa, iko chini ya herufi, inang'aa kama imekatwa kwa kisu, na herufi yenyewe imekonda, kwa sababu ngazi hiyo imekula kwenye unene wa herufi. Muhuri uliolegea hauongezi chuma, unasukuma tu kilichopo.

Angalia halafu utuambie ukweli.

#8 Mtunza Ndoo

Fundi, kwa heshima, hiyo mia nimeiangalia usiku mwingi kuliko nilivyomwangalia mke wangu. Tarakimu ni mbili. Kesho nakuja na majibu.

#9 Konda wa Uyole

Nimeweka kambi. Leteni mahindi ya kuchoma.

#10 Mzee wa Makambako

Vijana, nimeusoma huu uzi kwa furaha. Mimi nilianza shule kabla ya shilingi yetu. Benki Kuu ilifunguliwa Juni 1966, na sarafu zetu za kwanza zikatoka mwaka huo huo: senti tano ina samaki, senti ishirini mbuni, senti hamsini sungura, na shilingi ina mkono umeshika mwenge. Senti hamsini tuliiita sumni. Baadaye ikaja shilingi tano yenye pembe kumi, tukaiita dala, na mnajua wenyewe magari ya nauli ya dala yaliitwaje.

Na hata neno hela mnalotamka kutwa lina asili yake kwenye sarafu. Mjerumani alileta heller mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Kwa hiyo Konda akisema "hela yangu iko wapi" anazungumza Kijerumani bila kujua.

Sasa kwa wapenda makosa, hapa nchini hakuna uwanja kama Tabora 1916. Vita imepamba moto, Mwingereza kafunga bahari, meli za Mjerumani haziingii, na askari wanataka mishahara. Wakaanzisha ugongaji wao pale Tabora kwenye vifaa vya karakana ya reli. Wakagonga heller 20 za shaba, wakitumia chuma chochote kilichopatikana, hata maganda ya risasi. Wakagonga na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Mihuri ilikuwa ya kubahatisha, ikichoka inachongwa mingine, kwa hiyo heller za Tabora mbili zinazofanana kabisa huzipati kirahisi: herufi zimehama, taji limepinda, nyufa kila mahali. Mwezi Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauchukua mji, ikawa mwisho wake. Ukiona herufi T ndogo chini ya mwaka, ndiyo Tabora hiyo.

#11 Mchele wa Kyela

Shikamoo mzee. Babu aliniachia sarafu ya shaba ina tundu katikati, duara safi. Hiyo ni kosa? Kuna mtu Tunduma anataka kunipa laki.

#12 Mzee wa Makambako

Marahaba kijana. Hiyo siyo kosa, ni senti ya Afrika Mashariki, enzi za mkoloni. Zilitobolewa makusudi, watu walizitunga kwenye kamba na kuzivaa kiunoni kwenda sokoni. Isiyo na tundu ndiyo ingekuwa kosa! Kama mtu wa Tunduma anatoa laki kwa ya kawaida, muulize anataka na nini kingine. Hawa ndio wale wa mali za Mjerumani: leo anakupa laki, kesho anakuambia kuna sanduku la rupia limefukiwa, lete milioni ya mganga. Mimi nina jirani aliuza shamba la miti kwa ajili ya sanduku hilo. Shimo alilochimba bado lipo, watoto wanafugia bata.

#13 Mchele wa Kyela

Ndaga fijo mzee. Ameshataja sanduku tayari.

#14 Mtunza Ndoo

Wakuu nimerudi.

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla wateja wa mabasi hawajaanza, nimekaa mlangoni na tochi ya simu. Nimeweka mia juu ya karatasi nyeupe, nimelaza tochi mezani imulike kwa ubavu kama fundi alivyosema. Miaka miwili nilikuwa nikimulika kutoka juu, na ukimulika kutoka juu kila kitu kinang'aa, huoni kimo.

Ni ngazi.

Bapa. Iko chini. Upande mmoja wa kila tarakimu, wa kulia, zote zimeelekea huko huko. Na nilipoweka mia nyingine ya mwaka ule ule pembeni, tarakimu za yangu zimekonda. Nimekaa kimya mpaka mteja akaniuliza kama kuna msiba.

Fundi, ulikuwa sahihi. Ilikuwa boliti imelegea.

#15 Fundi Dai

Pole ndugu yangu, lakini umekuwa muungwana kusema. Wengi hapo wanaanza kutukana.

Nikupe na kipimo kingine ambacho wewe una bahati nacho kuliko mtu yeyote. Kosa la muhuri lina pacha. Muhuri mmoja unagonga sarafu maelfu kwa maelfu kabla haujatolewa, kwa hiyo ufa ule wa kwenye jero yako, ule wa mpaka pembe ya nyati, lazima uko kwenye jero nyingine huko mtaani, mahali pale pale. Nyingine utakuta ufa ni mfupi, hiyo iligongwa mapema. Nyingine ni mrefu, hiyo ya baadaye. Ya mwisho kabisa kipande cha muhuri kimeng'oka na sarafu ina bonge ukingoni. Mwenye ndoo kama yako anaweza kuupanga ugonjwa wa muhuri mmoja tangu homa mpaka kaburini. Mtu wa kununua sarafu mtandaoni hawezi.

Kosa la pigo ndilo halina pacha. Lilitokea mara moja, basi.

Na simba wako waliolala wamegeuka kiasi gani? Nauliza kwa sababu kwenye ya duara kama mia mbili, muhuri unaweza kuzunguka kiasi chochote. Kwenye hamsini haiwezekani hivyo. Ile ina pembe saba, na muhuri wake lazima uingie kwenye pete ya pembe saba. Ukifungwa vibaya unaruka pembe nzima, nyuzi 51 na kidogo. Kwa hiyo mtu akikuletea hamsini ya pembe saba ambayo kifaru kainama nyuzi 20, mwambie arudi nayo: hiyo ni ya kubandika nusu mbili kwa gundi.

#16 Binti Kalenga

Fundi umesahau hamsini ya kumegwa. Mimi nina hamu nayo, maana hapa sokoni kuna mzee wa baiskeli anatupa kila aina ya sarafu zilizokatwa.

#17 Fundi Dai

Sijasahau dada. Nilikuwa nachonga pulei ya mashine ya kusaga ya mteja, jana sikupata nafasi.

Mtunza Ndoo, wewe mwenyewe umeshalijibu kwenye bandiko lako la kwanza, hukujisikia tu. Umesema kisahani kinakatwa, halafu kinapakwa, halafu kinagongwa. Sasa kaa na mpangilio huo. Kama andazi lilimegwa wakati wa kukata, basi pale palipomegwa napo pamepakwa, kwa sababu koti lilikuja baadaye. Ukitazama ndani ya pengo utaona manjano ile ile ya usoni. Kama mtu kapiga tupa nyumbani, kakata koti na kuingia ndani. Utaona weupe wa chuma, au kutu, maana chuma kikiwa wazi kwa unyevu wetu huu wa Mbeya hakimalizi masika.

Cha pili, angalia ukingo wa upande wa pili, mkabala na pengo. Kisahani kilichomegwa kikifinywa kuinua ukingo, upande wenye pengo hausukumi, kwa hiyo na upande wa mkabala haupati nguvu. Ukingo pale unakuwa umefifia, kama umeyeyuka. Wakusanyaji wanakiamini sana kipimo hiki, japo ukikikosa siyo mwisho wa kesi.

Cha tatu, herufi zilizo karibu na pengo. Zikiwa zimevutika kuelekea pengoni, zimenenepa miguu, ni nzuri. Zikiwa zimekatika ghafla kama mkate, ni tupa.

#18 Jicho Kavu

Nilikuja kuuliza bei, sasa nimekaa na tochi nyumbani namulika mia tano za mke wangu. Tuambieni mapema, uzi huu unaambukiza?

#19 Konda wa Uyole

Mimi leo nimepata mia imepinda kama kijiko, katikati ina alama ya meno ya chuma pande zote mbili. Kosa au siyo?

#20 Fundi Dai

Vaisi hiyo. Kuna mtu aliibana akanyoosha msumari juu yake.

#21 Binti Kalenga

Mtunza Ndoo uko wapi kaka? Fungua hilo boksi la kiberiti.

#22 Mtunza Ndoo

Niwieni radhi, leo basi la Sumbawanga limeshusha watu sitini kwa mpigo.

Nimefungua. Kwanza sumaku: inashika, vizuri, ni hamsini ya chuma kama nyingine. Pengo liko kwenye upande mmoja, limekula kona moja yote, upinde safi wa duara. Hiki kilikuwa kidokezo na mimi nilikipita: tupa inakata mstari, haikati upinde wa duara hivi. Nilidhani mtu katumia tupa ya mviringo.

Nimeisimamisha kwa kidole na gumba, pengo likiangalia kwenye tochi. Kwenye mkunjo kuna uchafu mweusi wa siku nyingi, nikaogopa kuusugua. Nikachukua kijiti cha meno nikakilowesha maji tu, nikapitisha mara mbili.

Manjano.

Manjano yote, toka juu mpaka chini, hakuna weupe, hakuna kutu. Nikageuza upande wa mkabala. Ukingo umekaa chini kuliko kwingine, umelala kama godoro la gesti. Na herufi ya karibu imevuta mguu kuelekea pengoni.

Hii sarafu imekaa miezi kumi na moja kwenye boksi chini ya zote, nikiidharau. Mara mbili nilitaka kuilipia vocha.

#23 Fundi Dai

Hongera sana ndugu yangu. Usiisugue zaidi. Usiweke limao, usiweke majivu, usiweke dawa ya meno. Ikunje kwenye karatasi kavu, andika tarehe na mahali ulipoipata.

#24 Mzee wa Makambako

Hongera kijana. Na ile ya ngazi, ile mia yako, umeifanya nini?

#25 Mtunza Ndoo

Niliirudisha kwenye ndoo mzee, siku ile ile asubuhi. Kufika mchana nikaitafuta niipige picha ya kuwawekea hapa, sikuiona. Nilishairudishia watu chenji. Kwa hesabu zangu imeondoka na yule dada wa mabegi mawili aliyekuwa anakimbilia gari la Tunduma.

#26 Konda wa Uyole

Mwaisa, gari la Tunduma la saa ngapi? Namfahamu konda wake.